Kuondoa mikwaruzo midogo na tando za buibui kwenye rangi ya gari

Gari likiwa kivulini linaweza kukudanganya. Litoe juani, au liache usiku uingie kisha umulike boneti kwa tochi, ndipo utaona nyuzi nyembamba zimezunguka mwanga pande zote. Hizo ndizo tando za buibui. Ukizitazama kwa karibu utagundua kwamba haziendi mviringo hata kidogo: ni mikwaruzo midogo iliyokwenda ovyo kila upande, ila ile iliyokaa mkingamo na mwanga ndiyo inayong'aa. Sogeza tochi, na duara nalo linahama.

Karibu zote hutokana na usafi. Kitambaa kikavu kilichopitishwa juu ya vumbi, sponji iliyoanguka chini ikaokotwa na kuendelea na kazi, ndoo moja ya maji kwa gari zima, brashi za mashine za kuoshea: kila kimoja kinaburuza chembe za mchanga juu ya rangi. Gari jeusi na la bluu iliyokoza huonyesha kila kitu. Jeupe na la fedha lina mikwaruzo ileile, ila halisemi.

Kabla ya kushika polishi, jua unachokwenda kukikata

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka za rangi zilizopandana. Chini kabisa ni chuma au plastiki, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya vyote klia, ile vanishi isiyo na rangi inayotoa mng'ao. Jumla ya tabaka hizo kwenye gari lenye rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya maikroni 100 na 180. Klia peke yake huwa na maikroni 35 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele.

Tando za buibui zimo ndani ya klia hiyo. Kuziondoa hakumaanishi kuzijaza. Unakata klia inayozizunguka mpaka uso mzima ushuke ulingane na sehemu ya chini ya mkwaruzo. Ukishaikata hairudi. Klia ndiyo pia inayobeba kinga dhidi ya miale ya jua, na ikipungua mno huanza kupauka na kubanduka baada ya muda, na hapo dawa ni kupaka rangi upya. Kwa hiyo kazi nzima ninayoieleza hapa inaongozwa na swali moja: ni kwa kukata kidogo kiasi gani naweza kupata matokeo ninayoyataka?

Pitisha kucha mkingamo na mkwaruzo bila kubonyeza. Kucha ikiteleza, polishi itauondoa au itaupunguza sana. Kucha ikinasa, mkwaruzo umeshuka mno. Unaweza kulainisha kingo zake ili usionekane kwa mbali, lakini usijaribu kuufukuza hadi mwisho. Ukiona weupe au ujivu wa praima ndani ya mstari, achana na polishi kabisa. Hapo panahitaji rangi ya kuziba kwa brashi ndogo.

Jambo jingine la kuangalia: je, gari lako lina klia? Magari ya zamani, na baadhi ya rangi za kawaida zisizo na chembe za kumeta, hupakwa tabaka moja tu. Chukua kitambaa cheupe, weka tone la polishi, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikipata rangi ya gari, huna klia. Polishi itafanya kazi vilevile na pedi, ile sponji ya kupigia polishi, itabadilika rangi, usishtuke. Lakini kama unajua kwamba gari lina klia, halafu katikati ya kazi pedi ikaanza kuchukua rangi ya bodi, simama papo hapo. Umeshatoboa.

Paneli iliyowahi kupakwa rangi upya ni fumbo. Inaweza kuwa na klia nene, au nyembamba, au laini kuliko ya kiwandani. Kipimo cha unene wa rangi kinasaidia sana hapa, ingawa vile vya kawaida husoma juu ya chuma tu, si juu ya bampa la plastiki.

Vifaa

Kwa mtu anayeanza, mashine inayofaa ni ya DA, ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumbayumba. Mwendo huo wa aina mbili unazuia joto kukusanyika mahali pamoja, na ukikandamiza kupita kiasi pedi huacha kuzunguka badala ya kuchimba. Mashine ya mzunguko mmoja hukata haraka zaidi, na ndiyo maana mafundi rangi huipenda, lakini mikononi mwa asiyeizoea inachoma kingo na kuacha vivuli vya mawimbi vinavyotembea juani. Kama hujawahi kushika yoyote kati ya hizo mbili, usianze na hiyo ya pili, hata ukiipata bure.

Utahitaji pia:
- pedi za sponji za aina mbili, laini ya kumalizia na ya wastani, angalau tatu au nne za kila aina, maana pedi moja haiwezi kumaliza gari
- polishi laini, na kompaundi ya wastani ya akiba (kompaundi ni kama polishi, ila hukata zaidi)
- vitambaa vya maikrofaiba vingi, visivyo na lebo ngumu pembeni
- tepu ya karatasi yenye gundi hafifu
- spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, spiriti ikiwa asilimia 15 hivi
- tochi yenye mwanga mkali uliokusanyika
- brashi ya kusafishia pedi

Kwa mkono je? Inawezekana, kwa sehemu ndogo. Vikombe nyuma ya vitasa vya milango, ambako kucha na pete huacha alama, vinafaa kufanywa kwa mkono, na vilevile nguzo nyeusi zinazong'aa kati ya madirisha. Boneti zima kwa mkono ni adhabu, na matokeo yake huwa mabaka.

Dawa ya meno, magadi na majivu viache jikoni. Vinakwaruza kweli, lakini chembe zake hazina ukubwa mmoja na hazivunjiki kadiri unavyosugua kama zinavyofanya zile za baadhi ya polishi, kwa hiyo unaondoa mkwaruzo mmoja na kupanda kumi. Chupa zinazoahidi kufuta mikwaruzo kwa kupangusa mara moja nazo, nyingi ni mafuta na nta ya kujazia. Zinapendeza mpaka gari lioshwe.

Hatua ya 1: Osha kama vile mikwaruzo inakuwinda

Suuza kwanza kwa maji mengi ili mchanga uliolegea uondoke bila kuguswa. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Anza juu, shuka chini. Sehemu za chini za milango na nyuma ya magurudumu ndiko uchafu mkali uliko, ziache mwisho. Rimu ziwe na kitambaa chake na ndoo yake.

Gari likishakuwa safi kwa macho, ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na upapase boneti. Utahisi vijipele ambavyo kidole kitupu hakikuvihisi. Hivyo ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, matone ya lami na utomvu wa miti. Dawa ya kuondoa chuma hupuliziwa juu ya paneli iliyopoa. Inapokutana na chembe za chuma hugeuka zambarau na kutiririka. Isuuze kabla haijakauka. Kinachobaki kinaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi. Upulizie kilainishi cha kutosha, uuteleze kwa wepesi, ukunje upate uso mpya kila unapochafuka. Ukiuangusha chini, utupe. Udongo wenyewe huacha alama hafifu, na ndiyo sababu unatangulia polishi wala haufuati.

Ukiruka hatua hii, pedi itazikusanya chembe zote hizo na kuzizungusha juu ya klia.

Hatua ya 2: Ziba

Kausha vizuri, pamoja na maji yaliyojificha nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye nembo, kwa sababu yatachuruzika katikati ya kazi. Kisha bandika tepu juu ya mipira ya madirisha, plastiki nyeusi isiyong'aa na kingo kali za bodi. Polishi ikiingia kwenye plastiki yenye vinyweleo hukauka ikawa nyeupe, na kuitoa huko kunachukua muda kuliko kubandika tepu. Kingo nazo zina sababu nyingine: rangi ikiwa bado majimaji hukimbia kona, kwa hiyo klia huwa nyembamba kuliko kote pale kwenye mikunjo ya boneti na ncha za milango.

Gari liwe kivulini na bodi iwe ya baridi mkononi.

Hatua ya 3: Mraba wa majaribio

Hapa ndipo watu wengi huwa na haraka, na hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti au buti, mahali tambarare penye mikwaruzo ya kawaida ya gari hilo. Anza na pedi laini kabisa na polishi laini kabisa. Fanya duru moja kamili kama nitakavyoeleza chini, pangusa, kisha pulizia spiriti iliyochanganywa na upanguse tena. Spiriti haipo hapo kwa urembo. Polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, na bila kuyaondoa utaamini kazi imekwisha wakati imefunikwa tu.

Mulika. Kama sehemu kubwa ya tando imeondoka na rangi imekolea, umepata jibu. Gari zima litafanywa hivyo hivyo. Kama bado, badilisha kitu kimoja tu, yaani polishi ileile kwa pedi ya wastani. Bado? Sasa chukua kompaundi kwa pedi ya wastani. Ukifika huko, ujue kwamba utahitaji kurudia gari zima kwa pedi laini na polishi laini, kwa sababu kompaundi huacha ukungu wake mwenyewe.

Klia za magari hazifanani ugumu. Ya gari moja itafutika kwa pedi laini. Ya jingine, lenye rangi inayofanana kabisa kwa macho, itakudai kompaundi. Maelezo ya nyuma ya chupa hayawezi kukuambia lako ni lipi. Mraba ndio unaojua.

Na usiweke lengo la kufuta kila kitu. Ukiondoa mikwaruzo minane kati ya kumi kwa polishi laini, ile miwili iliyobaki itaonekana kwako tu, tena kwa tochi. Kuifukuza kunaweza kugharimu klia zaidi ya ile minane yote.

Hatua ya 4: Duru moja, kwa taratibu

Pedi mpya ikiwa kavu kabisa, paka polishi kidogo uso wake wote kwa kidole mpaka iwe na unyevu mwepesi kila mahali. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo matone manne ya ukubwa wa njegere yanatosha kwa kila mraba. Gusagusa pedi juu ya rangi ili kusambaza matone, ndipo uwashe. Ukiwasha pedi ikiwa hewani na polishi juu yake, utaipaka ukuta na shati.

Sambaza kwa mwendo wa 1 au 2 kwa sekunde chache, kisha panda hadi 4 au 5 kwenye mashine yenye ngazi sita. Vuta mashine polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Maliza mraba kwa kwenda kushoto na kulia, halafu urudie kwa kwenda juu na chini. Pita kati ya mara nne na sita. Wanaoanza karibu wote huvuta haraka mno, kana kwamba wanapiga pasi shati la mtu anayesubiri mlangoni.

Kuna ujanja mdogo wa mafundi unaostahili kufanywa kabla ya kuanza: chora mstari mmoja mnene kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani inayoshikilia pedi. Kazi ikiendelea, mstari huo unapaswa kuonekana ukizunguka. Ukiuona umesimama na pedi inatetema tu, ama umekandamiza mno au umeinamisha mashine upande. Uzito wa mashine pamoja na mkono uliotulia juu yake unatosha kwa kazi nyingi. Kwenye mkunjo wa digadi mstari utasimama mara kwa mara. Nyoosha kiganja ufuate umbo la bodi mpaka uanze tena kuzunguka, au weka pedi ndogo ya milimita 75.

Itazame polishi yenyewe. Mwanzoni ni nyeupe kama maziwa. Kadiri inavyofanya kazi inakuwa nyembamba na angavu, mpaka inabaki kama filamu ya mafuta ambayo rangi inaonekana chini yake. Hapo simama. Ukiendelea mpaka ikakauka, pedi itaanza kuburuza vumbi na kuleta alama mpya.

Gusa bodi kwa kiganja kila baada ya mraba. Uvuguvugu si tatizo. Ukishindwa kutuliza kiganja hapo, pumzisha sehemu hiyo. Bampa za plastiki zinahitaji uangalifu zaidi, kwani hazisambazi joto kama chuma. Kwenye bampa punguza mwendo, punguza na idadi ya kupita.

Pangusa kwa maikrofaiba safi iliyokunjwa mara nne, kwa mkono mwepesi. Kisha safisha pedi kwa brashi huku mashine ikizunguka taratibu. Fanya hivyo kila mraba, bila kubagua. Pedi iliyojaa klia iliyokatwa na polishi iliyokauka haikati tena, inapasha joto tu. Ikianza kulowa, ibadilishe.

Mambo yakienda kombo

Vumbi jingi jeupe ni dalili ya polishi nyingi, au jua, au pedi kavu. Ukungu hafifu uliobaki baada ya kupangusa kwa spiriti maana yake ni kwamba mchanganyiko wako wa pedi na polishi ni mkali mno kwa klia unayoifanyia kazi. Rudia mara moja kwa pedi laini, mwendo wa chini, bila kukandamiza, nao utaondoka. Alama ndogo zilizojikunja kama mkia wa nguruwe hutokana na chembe moja ya mchanga iliyonasa kwenye pedi. Simamisha kazi, badilisha pedi, kagua kitambaa chako.

Polishi ikigoma kufutika na kunatanata, mara nyingi ni unyevu wa hewa au bodi yenye moto. Weka polishi mpya kiasi, ipitishe mara moja ili ilainishe ile ya zamani, halafu upanguse mara moja.

Kuhusu msasa: ndiyo, msasa wa maji namba 2000 ukifuatiwa na 3000 unaweza kuondoa mkwaruzo ambao kompaundi imeshindwa. Unakata klia haraka kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa, na baada yake bado lazima upige kompaundi na polishi ili kuondoa alama za msasa wenyewe. Bila kipimo cha unene ningeuacha kwa fundi rangi.

Hatua ya 5: Kinga

Klia iliyotoka kupigwa polishi iko uchi. Ipanguse yote kwa spiriti kisha chagua kinga. Nta ya karnauba hupendeza, hasa kwenye rangi nyeusi, na hukaa wiki kadhaa hadi miezi michache. Silanti, yaani kinga zinazotengenezwa maabara, hukaa miezi zaidi. Kinga ya seramiki hukaa mwaka au zaidi ikipakwa vizuri, lakini inataka uso usio na tone la mafuta, ipakwe kipande kidogo kidogo na kupanguswa kabla haijashika, kisha gari lisiguswe na maji kwa saa 24 angalau. Ukipaka seramiki juu ya tando za buibui, umezifungia ndani, na ukitaka kuzitoa baadaye itabidi uikate kwanza hiyo kinga.

Hakuna kati ya hizo inayozuia mikwaruzo ya kitambaa chenye mchanga. Zinafanya uchafu uteleze kirahisi, basi. Kwa hiyo sahau brashi ya manyoya ya kupangusia vumbi gari kavu. Kama kuna haraka, bora gari libaki na vumbi mpaka jioni utakapopata maji.

Vitambaa vya maikrofaiba vifuliwe peke yao, mbali na pamba, kwa sabuni ya maji isiyo na kilainishi cha nguo, kisha vianikwe kivulini. Vilivyopangusa rimu vitie alama, visirudi tena kwenye bodi. Pedi zilowekwe siku hiyohiyo, kwa sababu kompaundi ikishakauka ndani ya sponji haitoki.